Papa mkubwa amekubali "shingo upande": tufurahi au tungoje?

BARUA

Jambo Mama,

Mimi ni kijana wa Kadutu, hapa Bukavu. Natengeneza simu katika kibanda kidogo karibu na soko. Nimechumbia binti wa Panzi na mwaka huu tumeamua kufunga ndoa. Sisi wawili hatuna ugomvi wowote. Nakuandikia kwa sababu ya maneno mawili ambayo yamegawanya nyumba nzima.

Papa wa mchumba wangu alifariki binti akiwa bado shule ya msingi. Mama yake yupo, wajomba wake wapo hapa mjini, lakini kwa upande wa baba amebaki papa mkubwa, kaka wa baba yake, peke yake. Huyo mimi sijawahi kuonana naye. Vita ya 1996 ilimkuta Fizi, akavuka ziwa pamoja na wengine, akaishia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na hadi leo yuko mkoa huohuo wa Kigoma. Ameoa kule, watoto wake wamesoma kule, hata Kiswahili chake kimekuwa cha kule. Akituma sauti kwenye WhatsApp mama yangu husema: "Ule mzee anaongea redio."

Utambulisho tulishaufanya. Tulikwenda Panzi na wazee wetu, tukaketi, tukanywa kasiksi, wajomba wakataja mali wanayoomba: ng'ombe, mbuzi, vitenge vya mama, na vitu vingine ambavyo bado tunabishania. Tarehe ya kutoa mali ikapangwa. Ukumbi tukalipa nusu. Hapo ndipo mtu akakumbuka kwamba papa mkubwa wa Kigoma hajaambiwa, tukaona tumjulishe naye. Mchumba wangu akamtumia sauti, akamweleza yote: tarehe, ukumbi, hata rangi ya sare.

Mzee alinyamaza siku kadhaa. Halafu akaandika kwenye kundi ambamo familia zetu zote mbili zimo:

"Nimepokea taarifa. Nimekubali kwa shingo upande. Endeleeni na mipango yenu."

Mama yangu alipiga vigelegele. Alisema: "Shingo yake imekuja upande yetu. Basi, mambo imeisha." Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, ambaye ni kiongozi wa kwaya na ndiye msemaji wetu katika mambo haya yote, alisema si hivyo. Kwake yeye ni kama wale Waisraeli wa shingo ngumu, yaani mzee ni mtu wa msimamo, akishakubali hageuki tena. Mchumba wangu nilipomuuliza alicheka tu: "Ile ni Kiswahili ya Tanzania, usijisumbue." Mimi nilitaka tuulize kwanza, lakini Yaya alikuwa tayari na simu mkononi. Akajibu kwa niaba yetu sote:

"Asante sana Papa mkubwa. Na sisi pia tunampokea binti yenu kwa shingo upande. Mungu awabariki."

Alama mbili za bluu zikatokea palepale. Binamu mmoja wa Kigoma akaweka kile kisura kinachocheka mpaka machozi, kisha akakifuta. Tangu siku hiyo mzee hajaandika kitu. Simu hapokei. Mama wa mchumba wangu naye ameanza kuongea nasi kwa mkato.

Juzi jirani mmoja aliyewahi kuendesha lori hadi Dar es Salaam alisoma ujumbe ule kwenye simu yangu, akatikisa kichwa: "Hiyo si neno ya kufurahia." Hakueleza zaidi, alikuwa na haraka.

Mama, mzee amekubali au amekatala? Tuendelee na tarehe au tusimamishe? Na kama Yaya amekosea, nani atamwambia? Ndiye aliyenilipia masomo, na hapendi kusahihishwa, hasa mbele ya wakwe. Tena ile neno ameipenda. Amempa mchapishaji maandishi ya mwaliko, na mstari wa kwanza unasema: "Familia zote mbili zinawaalika kwa shingo upande." Kazi inatoka kesho kutwa.

Mwenye harusi, Kadutu

JIBU

Mwanangu,

Anza na mchapishaji. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza kabla halijachapwa hapa, kwa sababu ya huyo mchapishaji tu. Mpigie, mwambie mashine ingoje. Nilipofika kwenye mstari ule wa mwaliko nilicheka hadi watu wa nyumbani wakaja kuuliza kuna nini, lakini wageni wenu wanaotoka Uvira au Kalemie, au yeyote aliyekaa Tanzania, atakayeusoma hatacheka kama mimi. Mmewaandikia: njooni, ingawa kwa kweli hatukutaka mje. Wekeni "kwa moyo mkunjufu." Yaya wako wa kwaya analijua hilo kuliko mimi, maana kila Jumapili wakati wa matoleo tunasomewa kwamba Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Shingo upande ndiyo hiyo huzuni na hiyo lazima.

Umeshapiga? Haya, tuendelee.

Kufanya jambo shingo upande ni kulifanya bila kulipenda. Umelifanya, hilo halina ubishi, ila moyo haukuwamo. Hapa Bukavu wengi wetu husema "bila kupenda" au tunachukua Kifaransa, à contrecœur, na ndiyo maana ujumbe wa mzee uliwapita juu ya vichwa nyumba nzima. Wala si aibu. Mimi napenda kumfikiria mbuzi anayevutwa kamba kutoka soko la Kadutu: miguu inakwenda mbele, hatua kwa hatua, anafika kabisa anakopelekwa, lakini shingo imepinda pembeni njia yote. Ukiulizwa kama mbuzi alikwenda, utasema alikwenda. Ukiulizwa kama alitaka, utaangalia shingo.

Kwa hiyo mama yako alipatia nusu. Mzee amekubali, ni kweli. Ila shingo yake haikuja upande "yetu", imegeukia upande mwingine. Na Yaya wako (wasomaji wa Tanzania mtuvumilie, kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto) amechanganya shingo mbili. Shingo ngumu ni ya yule asiyesikia la mtu. Ndivyo Mungu alivyowaita Waisraeli mbele ya Musa baada ya ile ndama ya dhahabu, Kutoka sura ya 32. Mwenye shingo ngumu haambiwi, havutwi, hakubali kitu. Mwenye shingo upande amekubali tayari, na huko kukubali ndiko kunakomuuma.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza liko hapo. Maneno haya hayaandamani na kukataa. Hutasikia Mswahili akisema "alikataa shingo upande", labda awe anatania. Utasikia alilipa shingo upande, alihama shingo upande, alimwazima mwenzake simu shingo upande, alitia saini shingo upande. Kila mahali kuna kitendo kilichokwisha kufanyika au kinachofanyika. Mtu ambaye bado hajafanya, amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, huyo anasita. Aliyeingia lakini anakwenda kwa kujivuta, leo hatua moja kesho anapumzika, huyo anasuasua. Na yule aliyemaliza, akaondoka, lakini kitu kimebaki moyoni na mwaka kesho atakikumbusha, huyo ana kinyongo. Mzee wenu hasiti. Angekuwa anasita angeandika "bado natafakari", nanyi mngengoja. Amevuka mlango. Nikuambie pia kwamba shingo upande isiyotunzwa ndiyo inayozaa kinyongo, na baada ya jibu la Yaya wako nadhani safari hiyo imeshaanza.

Tena usichanganye na "sina budi." Mtu anaweza kukosa budi na bado akafanya akitabasamu: kodi ya nyumba sina budi kuilipa, na mwenye nyumba wangu nampenda. "Sina budi" inazungumzia hali inayonisukuma. Shingo upande inanizungumzia mimi.

Sasa angalia nani amesema. Maneno haya kwa kawaida humsema mtu mwingine. Mwandishi wa habari anaandika kwamba wachuuzi wameondoka kando ya barabara shingo upande. Wao wenyewe hawakutamka hivyo, ni yeye aliyeona nyuso zao. Mama anasimulia jinsi mtoto alivyokwenda kuchota maji shingo upande. Ni hukumu ya anayetazama. Mtu kujisemea mwenyewe, tena kwa maandishi, tena mbele ya wakwe, ni jambo adimu, kwa sababu Waswahili tuna njia nyingi za kuficha kutotaka kwetu. Tunasema "haya", na ile "haya" ikivutwa kidogo mwishoni kila mtu ameelewa. Tunasema "haya basi." Tunasema "sawa", neno ambalo kwenye WhatsApp linaweza kuwa furaha au mlango uliofungwa. Hapa Bukavu tuna "tutaangalia", na aliyewahi kuomba kazi au mkopo mjini hapa anajua kwamba mara nyingi hakuna kitakachoangaliwa. Mzee angeweza kuandika "sawa" na asingeonekana. Badala yake alichagua maneno yanayoonyesha. Mimi nasoma hivi: alitaka aulizwe.

Mtu anayetaka kuwavunjia harusi hawaambii kwamba amekubali shingo upande. Anakaa kimya, anangoja siku ya mali, halafu anatuma mtu na masharti. Huyu amewapa ruhusa, akaacha na mlango wazi ili mtu mmoja wenu ainue simu aseme: "Mzee, kuna nini?" Hakuna aliyeinua. Alichopata ni asante, na kuambiwa kwamba binti wa ndugu yake marehemu anapokelewa na watu wasiomtaka. Mweke mtu yeyote wa Kigoma mbele ya ujumbe ule, hatasoma kingine. Kimya chake, kwangu mimi, ni cha mtu mwenye adabu.

Turudi kwenye ujumbe wake mwenyewe, kwa sababu nyinyi mlizozana juu ya shingo mkaacha maneno mengine yapite. Ameanza na "nimepokea taarifa." Taarifa, mwanangu, hakusema ombi wala hakusema posa. Amemaliza na "mipango yenu", hakusema yetu. Kisha nenda kwenye barua yako uliyoniandikia mimi. Wajomba wameshataja mali, tarehe imeshapangwa, ukumbi umeshalipwa nusu, ndipo "tukaona tumjulishe naye." Hiyo "naye" imeniambia mengi. Yeye ndiye baba aliyebaki. Kwa desturi zetu nyingi za huku, mbegu ya kwanza ya mazungumzo ingepelekwa kwake, hata kama ni kwa simu, hata kama angejibu tu "fanyeni na wajomba, mimi niko mbali." Badala yake amesikia rangi ya sare pamoja na habari ya ndoa, katika sauti moja.

Sikuambii kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Huenda kuna la dini, la ukoo, au la pesa, au habari fulani amesikia juu yako kutoka kwa mtu. Huenda anaumia tu kwamba mtoto wa ndugu yake anaolewa na yeye hawezi kuvuka ziwa aje. Lakini nikiwa na la kuanza nalo, naanza na lile lililoandikwa.

Kumwendea ni hivi. Msiandike kitu kingine kwenye kundi. Kundi ndilo lililoharibu, na kila neno jipya pale litasomwa na watu wote kabla ya mwenyewe kulisoma. Apigiwe simu. Na kwa kuwa simu zenu hapokei, apigiwe na mama wa mchumba wako, shemeji yake, ambaye kukasirika kwake kwenu kunanipa matumaini, maana anajua kilichosemwa. Mwendeeni huyo mama kwanza, Panzi, kwa miguu yenu, mumweleze kwamba hamkuelewa neno. Atacheka au atalia, lakini atapiga. Njia ya Uvira na ziwa, na mipaka ilivyo siku hizi, mnaijua wenyewe. Kama kuna mzee wenu anayeweza kufika Kigoma kwa usalama, hakuna simu inayoshinda hilo. Kama haiwezekani, msilazimishe.

Akipokea, aanze kuongea Yaya wako. Najua umeuliza nani atamwambia, na ninajua unaogopa. Utamwambia wewe, mkiwa wawili, na utamwambia leo, kabla hajasikia kwa dereva wa lori. Usianze na "ulikosea." Mwambie: "Yaya, nimeuliza maana ya lile neno. Kule Kigoma lina maana nyingine kabisa, na mzee ametuelewa vibaya." Ni kweli tupu na haimvui nguo mtu. Msomeshe sehemu ya barua hii ukitaka, ruka pale nilipocheka. Mtu anayeongoza kwaya amezoea kusimamisha wimbo ulioanza kwa sauti isiyo yake na kuuanza upya, na hakuna mwimbaji anayemdharau kwa hilo. Kitu kitakachomuumiza zaidi ni wewe kumpigia mzee kwa siri, ukaomba radhi kwa niaba yake, halafu akaja kujua.

Na aombe radhi yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Kwanza shikamoo. Huku kwetu haizoeleki, tunasema jambo au bonjour na yameisha, lakini mzee amekaa kule miaka mingi na masikio yake sasa yanaingoja. Kisha maneno machache tu, kwa mfano: "Baba mkubwa, huku Bukavu neno lile hatulitumii. Tulidhani ni la baraka, tukalirudisha kwako kwa furaha. Tulipoambiwa maana yake tuliona aibu. Binti yenu tunampokea kwa mikono miwili." Asiongeze. Mzee mwenyewe alivuka ziwa akiwa na Kiswahili cha Fizi mdomoni, na sidhani kama kule Kasulu watu walimwacha bila kumcheka. Nina imani atacheka kabla Yaya hajamaliza.

Akishacheka, ndipo lije lile jambo ambalo alilingoja tangu mwanzo. Hapo mpishe mzee wa familia yenu aongee, si wewe. Msimuulize "kwa nini hutaki", kwa sababu hajasema hataki, na ukimwuliza hivyo unamweka kwenye kiti cha mshtakiwa. Mwulizeni: "Kabla ya siku ya mali, kuna jambo gani unataka tulitengeneze?" Halafu nyamazeni. Wazee wa huku wana tabia ya kusema "hakuna neno" mara ya kwanza. Mwulizeni mara ya pili. La kweli hutoka hapo, au mara ya tatu, wakati mtu anadhani mazungumzo yamekwisha.

Umeuliza pia, ingawa si kwa maneno hayo, kama mzee anaweza kuwazuia. Kisheria, ridhaa inayohitajika ni ya nyinyi wawili, na kila mmoja aitoe mwenyewe. Ndivyo inavyosema Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Sheria hiyohiyo inataka mali, ambayo vitabu vinaiita mahari, iwe imepatanwa na wazazi wa binti na kutolewa walau sehemu kabla ndoa haijafungwa komini, yaani kwenye ofisi ya serikali. Kwa hiyo ukitaka kwenda kwa kifungu cha sheria, wajomba na mama wapo, na pengine utapita. Lakini hukuniandikia ili nikutafutie kifungu. Umeniandikia kwa sababu unataka watoto wako wawe na mtu wa kumwita babu upande wa Kigoma.

Kuna shingo moja tu ambayo ikipinda napiga kengele, nayo ni ya mchumba wako. Kama yeye ndiye angesema amekubali shingo upande, jibu langu lingekuwa mstari mmoja: simamisheni kila kitu. Hakusema hivyo, na kwa barua yako sioni dalili. Ila kile kicheko chake kimenikaa. Binti huyu amesikiliza sauti za baba yake mkubwa miaka yote hiyo. Mimi sishawishiki kwamba hajui maana ya maneno yake. "Usijisumbue" inaweza kuwa kweli hajali. Inaweza pia kuwa njia ya mtu ambaye baba yake hayupo, na baba aliyebaki amemjibu kwa baridi mbele ya kundi zima, akaona ni afadhali acheke. Tena ndiye aliyetuma ile sauti, kwa hiyo huenda anajilaumu. Mwulize jioni moja mkiwa peke yenu, bila simu mkononi, alisikiaje aliposoma. Hilo lifanyike hata kabla ya kwenda Panzi.

Imebaki tarehe. Msiifute, lakini msiitangaze zaidi ya hapo ilipofika, na mwaliko mpya usichapwe kabla mzee hajaongea nanyi. Mwenye ukumbi mwambieni mapema kwamba huenda mkasogeza. Wengi wanakubali kuhamisha malipo ya nusu wakiambiwa mapema, na wengi wanakula pesa wakiambiwa wiki ya mwisho. Mzee akisema "nipeni mwezi mmoja nijipange", mpeni. Atakuwa ameingia katika mipango, na ile "yenu" itaanza kugeuka. Akisema bado hapendi ila hawazuii, basi mmemsikia na naye amesikika. Endeleeni kwa heshima, msimlazimishe atamke furaha asiyonayo.

Ila katika hali zote mbili, ile sehemu ya mali inayohusu upande wa baba msiiache igawanywe yote kwa wajomba siku ile kwa sababu tu wao ndio waliopo mezani. Ongeeni na wajomba mapema, waelewe. Hata kama ni mbuzi mmoja aliyehesabiwa kwa pesa na kitenge cha mke wake, kiwekwe kando kwa jina lake, na njia ikiwa salama kipelekwe Kigoma kwa mkono wa mtu, kisitumwe kwa simu. Wa kukipeleka ningemchagua Yaya wako.